Umekwama Kwenye Gemu: Uruke au Ukomae?

Somo la leo huenda mwalimu wako asilipende akiona tu kichwa chake cha habari. Mwambie asubiri kidogo. Ni kweli tunazungumzia gemu, lakini tunazungumzia pia namna kichwa chako na moyo wako vinavyofanya kazi unapokutana na jambo gumu. Na hilo, bwana, ni suala la afya.

Hebu jiweke kwenye picha hii. Ni Jumamosi, uko kibandani. Umelipia nusu saa. Padi iko mkononi. Mbele yako kuna yule adui mkubwa wa mwisho wa hatua, ambaye wachezaji humwita bosi. Umepambana naye mara kumi na saba na mara zote kumi na saba amekulaza chini. Viganja vinatoka jasho. Nyuma yako watoto wa darasa la nne wamepanga foleni, wanacheka. Mmoja anasema, "Bro, toka, mpishe anayejua." Dakika zinayoyoma. Hadithi uliyokuwa unaifuata, ambayo ulitaka sana kujua itaishaje, imefungwa nyuma ya huyo bosi, na wewe huna pa kupita.

Sasa, je, gemu hiyo ingepaswa kuwa na kitufe cha kuruka sehemu hiyo ili uendelee mbele?

Usijibu haraka. Ukilipeleka swali hili kwenye klabu ya midahalo ya shule yako, darasa litagawanyika katikati. Hawa watasema kuruka ni uvivu na ni kujidanganya. Wale watasema hela ni yangu, muda ni wangu, wewe unaumia nini? Usidhani ni ubishi wa watoto. Watu wazima wanaotengeneza gemu wamebishana juu ya hili kwa miaka, na wengine wamefika mahali pa kutishiana maisha. Tutafika huko.

UGUMU ULIKUWA BIASHARA

Kwanza tujue ugumu wa gemu ulitoka wapi. Miaka ya 1970 na 1980, gemu nyingi za Japani na Marekani hazikuchezewa nyumbani. Zilikuwa ndani ya makabati makubwa yaliyowekwa madukani na kwenye baa, yenye tundu la kutumbukizia sarafu. Space Invaders ilitoka mwaka 1978, Pac-Man mwaka 1980. Mwenye mashine alipata hela kila mchezaji alipokufa na kutaka kuanza tena. Gemu ikiwa rahisi mno, kijana mmoja angesimama pale mchana kutwa kwa sarafu moja. Ikiwa ngumu mno, angekasirika aende zake. Kwa hiyo watengenezaji walipima kwa makini: ufe mapema, lakini ufe ukiamini kwamba safari ijayo utaweza. Baadaye zikaja mashine zilizokuuliza, ukishakufa, kama unataka kuendelea pale pale ulipofia. Unataka? Ongeza sarafu. Unaona? Njia ya mkato ilikuwepo tangu zamani, ila ilikuwa inauzwa.

Gemu zilipohamia nyumbani, ugumu ulihama nazo ingawa tundu la sarafu halikuwepo tena. Njia za mkato nazo zilihamia huko. Kama mjomba wako aliwahi kuwa na ile mashine ya bei nafuu ya kuchomeka kwenye TV, yenye kaseti, muulize kuhusu Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Katika hatua ya pili ya dunia ya kwanza, ukipanda juu ya dari na kukimbia hadi mwisho, unakuta chumba chenye mabomba matatu. Moja linakupeleka dunia ya pili, jingine ya tatu, jingine ya nne. Watengenezaji wenyewe, Nintendo, ndio walioyaweka. Na waliopita humo hawakuitwa wavivu. Waliitwa wajanja! Weka hilo akilini, tutalirudia.

Kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi. Mwaka 1986 kampuni ya Konami ilitoa toleo la nyumbani la gemu yake ya Gradius. Fundi aliyekuwa anaitengeneza, Kazuhisa Hashimoto, alitakiwa kuicheza ili aikague, akashindwa. Ilikuwa ngumu mno kwake, yeye mwenyewe mtengenezaji! Basi akaweka mfuatano wa siri wa kubonyeza vitufe: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ukiubonyeza unapewa silaha kibao. Mfuatano ule ulibaki ndani gemu ilipoingia sokoni, ukaenea kwenye gemu nyingine za kampuni hiyo. Kwenye Contra ya mwaka 1988 ulikupa maisha 30 badala ya 3. Hashimoto alifariki mwaka 2020, na wachezaji wa dunia nzima walimkumbuka kwa shukrani. Hakuna aliyemcheka kwamba alishindwa na gemu yake mwenyewe.

WANAOSEMA "USIRUKE" WANA HOJA

Tusiwapuuze. Mwaka 2019 kampuni ya FromSoftware ya Japani ilitoa gemu inayoitwa Sekiro. Unakuwa mpiganaji wa upanga katika Japani ya kale, na ni noma. Haina kiwango rahisi wala kigumu. Kiwango ni kimoja, na utakufa sana. Mwongozaji wake, Hidetaka Miyazaki, alieleza kwamba hawataki kuweka viwango tofauti kwa sababu wanataka wachezaji wote wasimame mahali pamoja, waweze kuzungumza juu ya jambo lile lile na kulifurahia pamoja. Gemu hiyo ilichaguliwa kuwa gemu bora ya mwaka katika The Game Awards za 2019. Waliomaliza wanasema furaha ya kumshinda bosi aliyekutesa siku tatu haielezeki, na kwamba kungekuwa na kitufe cha kuruka wangekibonyeza siku ya kwanza, wakaikosa furaha hiyo.

Sayansi ya kujifunza nayo inawaunga mkono kwa sehemu. Mwaka 1994 mwanasaikolojia wa Marekani Robert Bjork aliandika juu ya kitu tunachoweza kukiita "ugumu unaofaa". Ukisoma notisi zako mara tano mfululizo unajisikia umeelewa, kwa sababu ni rahisi. Ukifunika daftari na kujiuliza maswali unajisikia mjinga, kwa sababu ni vigumu. Lakini baada ya wiki mbili, kile ulichojitesa kukikumbuka ndicho kinachobaki. Ule mhangaiko ni sehemu ya kujifunza kwenyewe.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Kidato cha pili niliiruka mada ya logarithimu. Nilijiambia mtihani una maswali mengi, hilo nitaliacha. Na kweli niliponea. Kidato cha tatu nikaingia darasa la kemia, mwalimu akaanza kueleza pH, na kumbe pH ni logarithimu tupu! Nilikaa pale kama mgeni kwenye harusi asiyemjua bwana wala bibi.

Lakini sikia na upande wa pili wa maneno ya Bjork, ambao watu wa "komaa tu" huusahau. Alisema ugumu unafaa pale tu mwanafunzi anapokuwa na kitu cha kuujibu. Kama hana msingi, au hana uwezo huo kabisa, ugumu ule haumfundishi chochote, unamvunja moyo tu. Mpe mtoto wa chekechea kitabu cha fizikia cha kidato cha nne, mwambie akomae. Atakomaa mpaka lini?

MLIMA MMOJA, MIGUU TOFAUTI

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Januari 2018 ilitoka gemu moja ndogo iitwayo Celeste. Waliianzisha watu wawili, Maddy Thorson na Noel Berry, pamoja na wenzao wachache. Ni hadithi ya msichana anayeitwa Madeline anayetaka kupanda mlima mrefu huko Kanada. Kwa kuruka na kudandia ni gemu ngumu kweli kweli. Kufa mara elfu moja kabla ya kufika kileleni ni jambo la kawaida. Lakini mzigo mkubwa wa Madeline ni wasiwasi unaomwandama. Katikati ya safari yuko na rafiki yake Theo kwenye kigari kinachoning'inia kwenye waya, kigari kinakwama, na Madeline anapatwa na shambulio la hofu. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakatika, anaona kama anakufa. Theo anamwambia awaze unyoya unaoelea mbele yake, na kwamba pumzi yake ndiyo inayoufanya uendelee kuelea. Mchezaji anabonyeza polepole, anaachia polepole, na unyoya unapanda na kushuka.

(Ngoja niseme jambo hapa. Shambulio la namna hiyo huwapata vijana wengi, hasa karibu na mitihani. Likikupata, kaa chini, vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe taratibu zaidi kwa mdomo, rudia. Likikurudia mara kwa mara, usilifiche. Mwone mshauri nasaha wa shule au nenda kituo cha afya. Si uchawi, na wala si woga wa kitoto.)

Tuendelee. Ndani ya menyu ya Celeste kuna kitu kinachoitwa hali ya msaada. Ukiiwasha unaweza kupunguza mwendo wa gemu hadi nusu. Unaweza kupewa nguvu zisizoisha za kung'ang'ania ukuta. Unaweza kuzuia usife kabisa. Na unaweza kuruka sura nzima. Unachagua wewe, kimoja au vyote, na unaweza kuvizima wakati wowote. Mwanzoni maelezo yake yaliwahimiza watu wacheze bila msaada kwanza. Baadhi ya wachezaji wenye ulemavu wakasema maelezo hayo yanawafanya wajione kama wanacheza gemu isiyo kamili, na mwaka 2019 watengenezaji wakayaandika upya. Je, gemu iliharibika? Mwaka 2018 ilishinda tuzo ya gemu bora ya watengenezaji wadogo katika zile zile The Game Awards. Wanaopenda kufa mara elfu moja bado wanakufa mara elfu moja, raha mustarehe. Hali ya msaada haijawanyang'anya kitu.

Sasa chukulia una rafiki ambaye vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikunjuki tangu alipoungua akiwa mdogo. Wewe na yeye mkishika padi, je, mnapanda mlima mmoja? Au chukulia mwenzako ana uoni hafifu, au mikono inatetemeka kwa sababu ya mtindio wa ubongo. Kwako wewe bosi yule ni mgumu kwa siku tatu. Kwake ni ukuta usio na mlango maisha yake yote. Mwaka 2020 gemu ya The Last of Us Part II ilitoka ikiwa na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia watu wa namna hiyo, ikiwemo ya kuruka mafumbo, na watu wasioona kabisa waliweza kuimaliza. Na hebu nikuambie jambo la ajabu: shujaa wa Sekiro, gemu ile isiyokubali kumpunguzia mtu yeyote, ni mtu aliyekatwa mkono! Anavaa mkono wa bandia wenye silaha ndani yake. Yaani shujaa amepewa kifaa cha kumsaidia, mchezaji hakupewa.

MATUSI YANATOKA WAPI?

Sasa tuingie kwenye ubaya. Mwaka 2006 mwandishi wa hadithi za gemu huko BioWare, Jennifer Hepler, alisema kwenye mahojiano kwamba sehemu asiyoipenda katika gemu ni mapigano, akapendekeza kiwepo kitufe cha kuyapita haraka. Alitoa sababu ya wazi kabisa: mbona karibu kila gemu inakuruhusu kuruka mazungumzo? Anayependa kupigana anaruka hadithi, basi anayependa hadithi aruhusiwe kuruka ngumi. Mwaka 2012 watu wakayafukua maneno yale. Akatukanwa, akatishiwa, yeye na familia yake, siku nyingi mfululizo. Kwa ajili ya kitufe!

Ukitaka kujua jambo hili lina uzito gani, jiulize kwa nini. Mimi nadhani ni hivi: kijana ambaye shuleni hasifiwi na nyumbani hasifiwi, halafu kwenye gemu moja ngumu akapata heshima, ataona kitufe cha kuruka kama mtu anayetaka kumwibia heshima hiyo. Tunaweza kumwelewa. Lakini heshima yako ya kumaliza bila msaada iko pale pale, hata jirani akiruka. Kumbuka yale mabomba ya Mario. Waliopita humo waliitwa wajanja kwa sababu ilikuwa siri, na aliyeijua siri alikuwa mwanaume. Njia ya mkato ile ile ikiwekwa wazi kwa kila mtu, pamoja na dada zako na yule mwenye vidole visivyokunjuka, ghafla inaitwa uvivu.

MLANGO UNAOUZWA

Kuna aina moja ya kuruka ambayo mimi siiungi mkono hata kidogo, na ndiyo iliyojaa kwenye simu zetu. Chukua Candy Crush Saga, iliyotoka mwaka 2012. Kuipakua ni bure. Unapewa maisha matano. Ukishindwa hatua, yanapungua moja, na kila moja hurudi baada ya nusu saa. Hatua za mwanzo ni mteremko. Halafu inakuja moja iliyokaza, unashindwa, maisha yanakwisha, na hapo simu inakuuliza kwa upole kama ungependa kulipa kidogo uendelee. Ni yale makabati ya sarafu ya mwaka 1980, ila sasa kabati liko mfukoni mwako na halifungwi usiku. Ugumu wa hapo umewekwa ili uchoke ulipe. Ukilipa umeruka, lakini hatua nyingine iliyokaza inakusubiri mbele kidogo.

Na usiku ndipo kimbembe kinapoanza. "Nikivuka hii tu nalala." Unajua sentensi hiyo? Saa sita, saa saba, saa nane. Kijana wa umri wako anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Asubuhi uko darasani macho mekundu, na mwalimu anadhani ulikuwa unasoma. Shirika la Afya Duniani limeingiza tatizo la uchezaji gemu uliopitiliza katika orodha yake ya magonjwa, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake: huwezi kujizuia, gemu inatangulia mbele ya chakula, shule na ndugu, na unaendelea hata unapoona wazi inakuharibia. Kwa kawaida mpaka hali hiyo idumu kama miezi 12 ndipo daktari anaiita ugonjwa. Wachezaji walio wengi hawafiki huko, kwa hiyo mama akikukuta na simu usiogope kwamba umeshakuwa mgonjwa. Lakini kwa mtu aliyenasa kwenye hatua moja saa saba usiku, kitufe cha kuruka cha bure kingeweza kuwa ndicho kinachompeleka kitandani.

SASA WEWE?

Msimamo wangu umeshauona. Kitufe kiwepo, kiwe cha bure, kikae kwenye menyu kimya kimya, na kisimdhihaki mtu. Mwaka 2009 Nintendo walijaribu kitu cha busara katika New Super Mario Bros. Wii: ukifa mara nane kwenye hatua moja, linatokea boksi la kijani. Ukiligonga, Luigi anakuchezea hatua hiyo huku unatazama. Unaweza kumnyang'anya usukani wakati wowote, na akimaliza unaulizwa kama uruke au ujaribu tena mwenyewe. Hapo kuna ualimu. Umeoneshwa njia, kisha umerudishiwa uamuzi. Kasoro ni kwamba boksi linatokea hata kama hukuliita, na wenye hasira huliona kama kebehi.

Ukikwama, kabla ya kuruka, pumzika kwanza. Weka padi chini, kanywe maji, rudi kesho. Mara nyingi ukirudi mkono umeshatulia, na bosi yule yule anaanguka mara ya pili. Ikishindikana, punguza mwendo au kiwango kabla ya kuruka sehemu nzima, kama vile unavyomwomba mwenzako akuoneshe hesabu moja halafu inayofuata uifanye mwenyewe. Na kama ugumu wenyewe hauhusiani na unachokitafuta katika gemu, ruka bila kuomba radhi kwa mtu. Logarithimu lakini usiruke! Mtihani wa taifa hauna boksi la kijani.

Kwa ajili ya klabu yenu: gawanyikeni makundi mawili mjadili kama gemu ya Sekiro ingeharibika ikiongezewa hali ya msaada kama ile ya Celeste. Baada ya dakika kumi badilishaneni pande, aliyekuwa akipinga aunge mkono. Kisha kila mmoja aandike kwenye daftari lake, bila kumwonesha mtu, jambo moja gumu analoliruka siku hizi, liwe somo, mazungumzo na mzazi, au safari ya kwenda kupima afya. Pembeni yake aandike kama ni ugumu anaoweza kuujibu akikaza, au kama anahitaji mtu wa kumshika mkono kwanza, na mtu huyo ni nani.